Mishono Iliyokataa Rangi

Nina daftari ambalo nimeandika ndani yake kila nguo niliyoitia rangi tangu nianze kazi hii. Sikulianzisha kwa sababu ya bidii. Nililianzisha kwa sababu nasahau. Shule niliachia darasa la nane, na mwandiko wangu mpaka leo unalala upande mmoja kama ua lililosukumwa na ng'ombe. Nikilisoma mwenyewe, kuna mahali simwamini aliyeandika. Ukurasa mmoja hasa umenisumbua. Juu yake kuna maneno haya, kwa mkono wangu: "Koti la shosho. Sufu. Bitana imetolewa. Mishono sawa."

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo nataka kueleza.

Kazi yetu ni kurudishia nguo rangi. Mtu ana suruali nyeusi ya mtumba ambayo imekuwa ya kijivu magotini, analeta, inarudi nyeusi. Kwaya ina majoho ya maruni na mchungaji mpya anapenda bluu, wanaleta, tunayavua maruni na kuyavisha bluu. Nasema "tunayavua" kwa sababu ndivyo mwalimu wangu anavyosema. Yeye ni mama mmoja wa Machakos, anakaa Mashimoni kule Kibera, na ndiye aliyenifunza. Mimi ni wa Kitui, nakaa Raila, mtaa mwingine wa hapo hapo Kibera, na nilimpata nikiwa nimefutwa kazi ya ujenzi, kwa makosa ambayo nusu yalikuwa yangu. Yeye hupenda kuniita karani, kwa sababu ya daftari.

"Karani, andika hapo kwamba leo hujaharibu kitu," huniambia. "Hiyo ni habari."

Kwanza tulifanyia kazi Mashimoni, karibu na kibanda cha maji. Mwenye kibanda alitufukuza. Nilimchukia kwa wiki moja hivi, halafu nikafikiria: watu wanakuja na mitungi kununua maji ya kunywa, na mita chache kutoka kwa mfereji kuna mama anakoroga pipa la maji ya bluu. Mimi pia ningeenda kununua kwingine. Ndipo tukahamia Kawangware, pale steji ya 56, nyuma ya ploti ya shosho mmoja, bibi mzee ambaye familia yake imekaa hapo tangu wakati ilikuwa mashamba. Alitupatia kona yenye mfereji, sakafu ya simiti na mtaro. Asubuhi tulitembea kutoka Kibera, jioni tukarudi, na mimi nilirudi nikinuka siki kiasi kwamba majirani zangu Raila waliamini kwa muda mrefu kuwa nauza chipsi. Kuna mmoja alinuna kabisa kwa sababu sijawahi kumletea hata pakiti moja.

Siki hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwa nguo za sufu. Nitaeleza kidogo, na kama nakosea mahali, walio na masomo wanisamehe. Pamba inakubali rangi ukiwa na chumvi na magadi. Sufu haitaki magadi, inataka asidi, na asidi yetu ni ile kali ya siki inayouzwa kwa galoni kwenye maduka ya kemikali, ambayo ukiifungua karibu na pua unakumbuka dhambi zako zote. Ni asidi unayomimina kwa maji, pole pole. Ukimimina maji kwa asidi, inakurukia. Kuna unga wa kuvua rangi ya zamani, unanuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Kuna kostiki soda, ambayo pamba inaivumilia lakini sufu inayeyuka ndani yake kama sabuni. Kuna thina na petroli za kutolea madoa ya mafuta na rangi ya nyumba, ambazo tulizitumia mlango ukiwa wazi, na bado kuna siku nilicheka mchana mzima bila sababu halafu kichwa kikaniuma mpaka kesho yake. Glavu tulikuwa na jozi moja. Yeye alivaa ya kulia, mimi ya kushoto. Tuliona hiyo ndiyo haki.

Na kuna polista. Polista haikubali kitu chochote tulicho nacho. Unaichemsha, unaiombea, inatoka vile ilivyoingia.

Kwa hivyo kabla ya nguo yoyote kuingia kwa maji, tunaichoma. Si yote. Tunavuta uzi mmoja kutoka kwa pindo na kuuwashia kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Polista inayeyuka na kuacha kichwa kidogo kigumu kama cha pini. Mwalimu anauamini huo moto kuliko maandishi yoyote ya shingoni mwa nguo. Kisha, maji yakiwa tayari, anachovya kidole na kuonja kwa ncha ya ulimi. Ikibana kama ndimu changa, asidi imetosha. Nilimwambia mara nyingi kwamba hiyo si njia nzuri.

"Ulimi wangu umepaka majoho ya makanisa mangapi?" aliniuliza.

"Mengi."

"Na daftari lako?"

Nikalifunga daftari. Lakini naona bado nilikuwa na haki kidogo.

Sasa, shosho alikuwa na kijana wake, mtu mzima mwenye familia, aliyetaka ile kona ajenge nyumba za kupangisha. Itakuwa rahisi kumfanya mtu mbaya hapa, kwa hivyo wacha niseme malalamiko yake vile yalivyokuwa. Mtaro ulibadilika rangi kufuatana na oda zetu. Mabati ya ukuta karibu na pipa la asidi yaliota kutu mpaka ukayatoboa kwa kidole. Mpangaji mmoja alikohoa. Halafu kuku mweupe wa shosho alivuka mtaro siku ya majoho, na kwa mwezi mzima alitembea kwenye ploti akiwa na soksi za maruni. Yote hayo ni kweli. Tulipojaribu kujitetea kwamba tunatuliza maji kwa majivu na magadi kabla ya kumwaga, alituuliza swali moja tu.

"Na kuku?"

Alipokuja siku ile alikuwa na futi ya kupimia. Shosho alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki akichambua minji, zile njegere za kijani.

"Mum, hawa watu wanatuharibia jina," alisema. "Hapa zinatoshea singo rumu nne. Nne, na choo."

"Na mimi nimekataa?" shosho akasema.

"Hujakataa, lakini hujakubali."

Shosho aliendelea kuchambua. Halafu akatugeukia sisi. Alisema kwamba mwisho wa wiki kungekuwa na ibada ya kumkumbuka mzee wake kanisani, na kwamba alikuwa na koti, koti la sufu, rangi ya maziwa, alilonunuliwa na mzee kwa duka la town wakati wangali vijana. Kwa miaka mingi lilikuwa koti lake la harusi za watu. Sasa alitaka liwe jeusi.

"Mkilipika vizuri, mtakaa," alisema. Yeye husema kupika, si kupaka. "Mkiharibu, huyu ajenge. Sitaki kelele tena kwa hii ploti."

"Sawa kabisa," kijana wake akasema, na akaanza kupima ukuta.

Kwa hivyo tulijua. Kona yetu yote, mfereji, mtaro, mapipa mawili, jiko na kazi ya watu wawili, vilikuwa vimeingia ndani ya koti moja.

Koti lenyewe lilikuwa zuri. Zito, la zamani, kola pana. Mwalimu alivuta uzi kutoka kwa pindo, akauchoma, tukanusa nywele. Sufu safi. Akafurahi.

"Hii ni ya kupikwa polepole," akasema. "Sufu haipendi kushtuliwa. Ukiishtua inakuwa ya mtoto. Wewe toa bitana na vifungo. Na uangalie mishono yote, karani. Yote."

Bitana ilikuwa ya kitambaa laini ambacho hakingekubali rangi yetu, kwa hivyo ilibidi itolewe tuweke nyingine nyeusi. Nilikaa na wembe mchana mzima nikiifungua. Na hapa ndipo sijiamini. Ndani ya koti, upande ambao watu hawaoni, palikuwa na marekebisho. Nondo walikuwa wamekula hapa na pale, mfuko ulikuwa umewahi kuraruka, mkono mmoja ulikuwa umeunganishwa upya begani. Kila mahali palikuwa pamezibwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo, ya mtu mwenye subira. Juu ya kitambaa cha rangi ya maziwa haikuonekana. Ilibidi uisikie kwa kidole.

Je, niliiona? Nimejiuliza sana. Kidole changu kiliisikia, hiyo nakumbuka. Nakumbuka pia nilifikiria kwamba mshonaji huyu ni mtu makini. Kitu ambacho sikufanya ni kuvuta uzi mmoja na kuuwashia kiberiti. Ule moto mdogo wa sekunde mbili. Badala yake nilichukua kalamu nikaandika "Mishono sawa", na kwa kweli nafikiri nilimaanisha kwamba imeshonwa vizuri. Ni kweli ilikuwa imeshonwa vizuri.

Kulipika kulichukua siku nzima, na sijawahi kuona mwalimu akifanya kazi kama hiyo. Alitoa madoa ya mafuta kwenye kola kwa kitambaa na petroli kidogo, akalianika mpaka harufu ikaisha. Akalilowesha kwa maji ya vuguvugu. Akalishusha kwa pipa maji yakiwa bado hayajapata moto, akaongeza makaa kidogo kidogo. Alipima asidi mara mbili, nusu kwanza, nusu baadaye, ili rangi isikimbilie mahali pamoja. Aliionja. Nikageukia makaa. Alikoroga kwa mti mmoja laini, bila kukamua, bila kusugua, kama anaosha mtoto anayelala.

Na kukafika ile saa ambayo napenda kuliko zote kwa kazi hii. Maji ya sufu, yakipikwa vizuri, yanarudi kuwa safi. Rangi yote inatoka kwa maji na kuingia kwa nguo. Unachota kwa kikombe, unaona mpaka chini. Mwalimu alinionyesha kikombe. Maji yalikuwa karibu meupe.

Kijana wa shosho alikuwa akipita. Akaangalia kikombe.

"Enyewe," akasema. Halafu akaona ametusifu, akaongeza, "Lakini ukuta bado umeoza."

Tuliliacha lipoe pole pole ndani ya maji yake, kwa sababu ukilitoa moto ukalitia kwa baridi linajikunja. Kesho yake, ambayo ilikuwa siku moja kabla ya ibada, tukalitoa.

Lilikuwa jeusi. Jeusi la kweli, lenye kina, si lile jeusi la kijani linalotokana na haraka. Hata mishono ya kiwanda, kwenye kola na mifuko, ilikuwa imekubali, nadhani ilikuwa ya hariri. Mwalimu alilining'iniza kwa kamba, akarudi nyuma hatua tatu, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Wuui," akasema polepole. "Karani. Hii ni nini?"

Mgongoni, mabegani, kando ya mfuko, kwenye mkono wa kushoto, uzi mweupe ulikuwa umetoka nje kama nyota. Kila tundu la nondo lilikuwa na duara lake. Bega lilikuwa na mstari mzima, mishono iliyofuatana, mweupe pe. Kile ambacho kwa miaka yote kilikuwa kimefichwa ndani ya rangi ya maziwa sasa kilisomeka kutoka kwa geti.

Alivuta kipande cha uzi, akakichoma. Kikayeyuka. Kikaacha kichwa cha pini.

"Uliangalia mishono?"

"Niliangalia."

"Ukachoma?"

"Nilichoma ya pindo. Wewe ulichoma. Tulichoma ya pindo."

Sitaki ionekane kama nilijaribu kumtupia yeye. Lakini nikisoma sentensi hiyo tena, naona ndivyo nilivyojaribu. Alinipa mgongo, kisha akasema, "Uzi wa polista kwa koti la sufu. Nani hufanya hivyo?"

"Mtu ambaye alikuwa na uzi wa polista," nikasema.

Hatungeweza kuufungua. Sufu ilikuwa bado na maji, na ule uzi ndio ulikuwa umeshikilia matundu yenyewe. Ukiuvuta, unabaki na dirisha. Kuchemsha tena hakungesaidia. Kostiki ingelimaliza koti lote, tubaki na mishono peke yake, safi kabisa. Mwalimu alikaa juu ya galoni ya asidi, akafikiria.

"Fundi wa viatu," akasema. "Ile rangi yake ya ngozi. Imechanganywa na spiriti. Spiriti inashika mahali maji yamekataa."

Nikatumwa hapo 56 kwa fundi wa viatu, nikarudi na kichupa cha rangi nyeusi ya ngozi na spiriti kidogo. Koti lilipokauka kiasi kwa jua, tukalitandaza juu ya meza na kukaa pande mbili, kila mtu na njiti ya kiberiti iliyofungwa pamba kwenye ncha, tukaanza kupaka. Mshono mmoja baada ya mwingine. Watu wawili wazima, mmoja wao na kazi ya miaka, tunapaka nukta nyeusi kama watoto wa nasari. Spiriti ilitupanda kichwani. Wakati fulani mwalimu alianza kucheka, na mimi nikacheka, na tulijua si furaha.

Mchana ulipoisha, koti lilikuwa jeusi lote. Ukiwa mbali. Ukiwa karibu, nukta ziling'aa kidogo, kama macho ya panya. Nikashona bitana mpya, nikarudisha vifungo.

"Tumwambie?" nikauliza.

"Amekuuliza?"

"Hajauliza."

"Basi akiuliza tutajibu."

Shosho alikuja, akalivaa hapo hapo juu ya leso, akajigeuza mbele ya kioo cha dirisha. Macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo, nadhani. Au nilidhani hivyo siku hiyo, kwa sababu ilinifaa.

"Limekuwa la mjane," akasema. Hakuuliza kitu. Akaenda nalo.

Siku ya ibada sikuwepo, kwa hivyo ninayoandika hapa nimeambiwa. Kulinyesha kidogo asubuhi, manyunyu tu. Halafu jua likatoka, kanisa likajaa, shosho akakaa mbele kabisa akiwa amevaa koti la sufu na joto la watu mia moja nyuma yake. Aliimba, alisimama, alilia kidogo, alikumbatiwa. Na ile sehemu ya kazi tuliyoifanya kwa ujuzi, asidi na moto na subira, haikuachia hata tone moja. Ile sehemu tuliyoipaka kwa njiti ya kiberiti ilishuka yote. Ilishuka kwa shingo, kwa kola ya blausi nyeupe, kwa mikono ya akina mama wa Guild, ule umoja wa wanawake wa kanisa, waliomkumbatia. Walipotoka nje, mama mmoja alimwambia, "Wewe, nani amekuandika?"

Jumatatu tulipofika tulikuta viti vitatu nje. Kimoja kilikuwa kimekaliwa na shosho. Cha pili, kijana wake, na futi yake. Cha tatu kilikuwa na koti. Lilikuwa limerudi kwa nyota zake, na sasa kila nyota ilikuwa na wingu la kijivu kando.

"Salamu baadaye," shosho akasema. "Hii ni nini?"

Mwalimu alifungua mdomo, na najua angesema kitu cha busara kuhusu sufu na mvua. Lakini mimi nikamtangulia. Sijui kama ni uaminifu ama woga. Vitu hivyo viwili hunijia pamoja, na sijawahi kuvitenganisha.

"Ni mimi, shosho," nikasema. "Nilitoa bitana. Mishono niliigusa. Sikuichoma. Yeye aliniambia niangalie yote." Na nikatoa daftari nikamsomea. Koti la shosho. Sufu. Bitana imetolewa. Mishono sawa.

Kijana wake alicheka mpaka akashika goti. "Buda, wewe umejiletea ushahidi mwenyewe? Hata polisi hawajauliza!"

"Na ile nyeusi ilinipaka shingo?" shosho akauliza.

"Hiyo ni ya viatu," mwalimu akasema kwa sauti ya chini.

"Ya viatu."

"Ya ngozi, shosho. Na spiriti."

Shosho aligusa kola ya koti. Kuku wake alipita. Soksi zilikuwa zimeanza kupauka.

"Mlinipeleka kwa nyumba ya Mungu na rangi ya viatu," akasema. Ilikuwa kweli, na haikuwa na upande wa pili. Hata mimi niliutafuta.

"Basi, mum," kijana wake akasema, akisimama. "Ulisema mwenyewe. Wakiharibu, najenga."

"Nilisema wakiharibu. Hawa hawajaharibu. Hawajamaliza." Akachukua koti, akamtupia mwalimu mapajani. "Hii koti nilisema nataka nyeusi. Mtakaa hapo kwa kona mpaka mishono yote iwe nyeusi. Siku itakuwa nyeusi, mnafunga vitu mnaenda, na huyu anajenga. Na hamtalipwa kitu kwa hii koti."

"Itachukua muda gani?" kijana akatuuliza. Aliuliza vizuri tu, kama mtu anayepanga kuagiza mawe.

Mwalimu alinikanyaga mguu. Alinikanyaga kwa kisigino, na akaweka uzito wake wote. "Ni kazi ya polepole," akasema. "Sufu haipendi kushtuliwa."

"Wiki mbili?"

"Tutaanza nayo," mwalimu akasema.

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi koti linaletwa. Tunalitoa bitana, tunalilowesha, tunalishusha kwa pipa na moto mdogo, tunaongeza asidi nusu na nusu, mwalimu anaonja. Tunafanya kazi kwa haki, hatuigizi. Koti linazidi kuwa jeusi, jeusi kuliko kitu chochote nimewahi kuona, na mishono inatoka vile ilivyoingia. Shosho analiangalia, anaguna, analivaa kanisani hivyo hivyo. Kijana wake anauliza, "Bado?" na tunasema, "Bado." Kwa upande wetu tumejenga shimo la kutulizia maji, la changarawe na majivu, na mtaro siku hizi ni wa kijivu tu, kama mitaro ya wengine. Mabati tulibadilisha. Sasa kila mtu ana glavu mbili.

Lakini mimi sikulala vizuri. Kwa sababu niliujua ukweli ambao hata mtoto angeujua, na nilishangaa kwamba hakuna aliyeusema. Mishono hiyo haitakuwa nyeusi kwa asidi, leo wala siku nyingine. Hata hivyo koti sasa limekauka, sufu ni imara. Fundi yeyote wa nguo hapo 56, mwenye sindano na uzi mweusi, anaweza kufungua tundu moja na kuliziba, kisha la pili, na kabla ya jioni akamaliza yote. Kijana wa shosho angepata singo rumu zake nne na choo. Tulikuwa tunakaa kwa kona ya shosho kwa sababu ya ujinga wake, na ujinga huo tuliuona na tukaunyamazia. Nilijiambia si uongo. Halafu nikajiuliza, kama si uongo, mbona mwalimu alinikanyaga?

Nilimwambia nataka kwenda kusema.

"Karani," akasema, bila hasira, "mimi nina watoto wawili shuleni."

"Najua."

"Na wewe kazi nyingine huna."

"Najua hata hiyo."

Aliangalia pipa. "Enda basi," akasema. "Nitaanza kukunja vitu."

Nilimkuta shosho kwenye kiti chake. Nilisimama. Nilimwambia yote mara moja, kama mtu anayemwaga karai: kwamba polista haikubali, kwamba hatungeweza kamwe, na kwamba fundi wa nguo, kwa uzi mweusi, angemaliza kwa siku moja.

Hakuinua macho kutoka kwa minji.

"Wewe ni fundi wa nguo?"

"Hapana, shosho."

"Mimi nilikuambia ushone ama nilikuambia upike?"

"Ulisema tupike."

"Hiyo mishono unafikiri alishona nani?"

Nikaangalia vidole vyake. Vilifungua ganda, vikatoa minji, vikafungua lingine, bila haraka, kila moja kama ile iliyotangulia.

"Hata uzi mweusi ninao," akasema. "Uko kwa droo. Kijana wangu ana ploti yake huko chini, ajenge huko kwanza. Wewe enda ukapike."

Nilirudi. Mwalimu alikuwa ameshakunja turubai na kufunga galoni mbili kwa kamba.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasema?"

"Amesema tupike."

Akainama akaanza kufungua kamba. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Koti lilikuwa juu ya meza likingoja. Nilichukua wembe, nikaanza kutoa bitana kwa mara nyingine, na nilipofika begani nilivuta uzi mmoja mweupe nikauwashia kiberiti, ingawa nilijua. Ukayeyuka. Nikaandika kwenye daftari tarehe, kisha: "Koti la shosho. Sufu. Mishono bado."

Nikasoma mara mbili. Nadhani hiyo iko sawa.